Gari la kulala kwenye barabara ya Masaka

Kioo cha pembeni kiling'olewa huku mke wangu akikitazama. Tulikuwa tumekwama kwenye foleni ya Jinja Road, tukiingia Kampala jua likiwa bado juu, bodaboda zimetubana kulia na kushoto. Kijana mmoja alikuja upande wa abiria kama mtu anayetaka kuvuka barabara, akaweka kiganja juu ya kioo, akakikandamiza upande mmoja, kikachomoka. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama muwa unaovunjwa gotini. "Baba, huyo amechukua kioo chetu," mke wangu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa maana akili ilikuwa bado haijakubali. Nilipogeuka, kijana hayupo. Foleni ikasogea, wa nyuma wakapiga honi, nasi tukasogea na kile kidude cheusi cha plastiki kisicho na kitu ndani.

Hiyo ilikuwa Julai 2022, siku yetu ya pili Uganda.

Nilikuwa nimeendesha malori kutoka bandari ya Mombasa kwenda Kampala na Kigali kwa miaka 22. Njia hiyo, zaidi ya kilomita 1,100 mpaka Kampala, niliijua kwa mashimo yake na kwa wezi wake. Nilijua milima ambayo lori likipanda polepole vijana hurukia nyuma, wakachana turubai na kuanza kutupa mizigo chini. Nilijua kuegesha kifuniko cha tangi la dizeli kikitazama ukuta. Kwa hiyo nilivuka mpaka wa Malaba na gari la kulala nikiwa na uhakika kwamba hakuna nisichokijua. Nilichokuwa sikijui ni kwamba lori hubeba mali ya watu wengine. Lina kampuni, lina bima, lina utingo anayelala chini yake na tochi mkononi. Gari la kulala lina godoro lako, sufuria zako, dawa za presha za mkeo na simu yenye picha za wajukuu. Mwizi akilitazama anaona nyumba isiyo na jirani.

Gari lenyewe ni Toyota HiAce ya dizeli iliyokuwa matatu. Baada ya kustaafu niling'oa viti vya abiria, seremala akanitengenezea kitanda chenye droo chini, tukaweka jiko la meko mbili, mtungi wa gesi wa kilo 6, tangi la maji, betri ya pili na paneli ya sola juu. Watoto wa vijiji vya Masaka walipotuona walikimbia kando ya barabara wakipiga kelele "ennyumba etambula!", yaani nyumba inayotembea. Mke wangu alifurahi sana kwa jina hilo. Mimi nilifurahi kidogo, kisha nikawaza kwamba kama watoto wanajua ndani mna nyumba, basi kila mtu anajua.

Nimalize habari ya kioo kwanza. Jioni ile ile, tumeegesha uani kwenye nyumba ya wageni, alikuja mtu mzima mwenye adabu akasema ameona gari letu limepoteza kioo, na kwamba anamjua fundi mwenye kioo cha HiAce kama hicho. Baada ya nusu saa alirudi nacho kimefungwa kwenye gazeti. Kwenye kona ya chini kilikuwa na mkwaruzo niliouweka mimi mwenyewe kwa koleo tukiwa Mombasa. Nililipa shilingi 80,000 za Uganda kununua kioo changu. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na safari asubuhi, na kuendesha Kampala bila kioo cha kushoto ni hatari kuliko wizi. Lakini pesa ile imeniuma mpaka leo, kwa sababu najua ililipia kioo cha mtu mwingine siku iliyofuata.

Kesho yake nilifanya kile ambacho wenyeji wa Kampala hufanya. Kuna mafundi wanaochora namba ya gari kwenye vioo vya pembeni kwa mashine ndogo ya mkononi, kazi ya dakika chache. Kioo chenye namba hakina soko, kwa kuwa anayekinunua atatembea na namba ya gari la mwenzake. Fundi akaniongezea vipande vya bati gumu kuzunguka fremu, akavipiga ribiti. Havipendezi, ila vioo havijaguswa tena. Fanya kazi hiyo kabla hujaingia mjini. Taa za mbele na za nyuma pia zinachorwa, na mimi nilizichora zote.

Kwenye foleni ya mji tumejifunza kukaa vioo vya madirisha vikiwa vimepandishwa mpaka usawa wa pua, joto au si joto. Simu haikai mapajani wala haishikwi mkononi dirishani. Ramani tunaisikiliza. Milango inafungwa tukiwa bado mbali na mji, maana mtu husahau kila kitu akiona mataa na askari wa trafiki. Na kuna ile hila ya kidole: mtu anakimbia kando yako akionyesha gurudumu la nyuma, uso umejaa huruma, "tairi! tairi!" Ukishuka kuangalia, mwenzake anafungua mlango wa upande wa pili. Tulionyeshwa kidole hicho mara mbili. Mara zote mbili niliinua mkono kushukuru, nikaenda taratibu mpaka kwenye sheli yenye taa na watu, ndipo nikashuka. Tairi lilikuwa zima. Lingekuwa bovu kweli, ningeharibu ringi, na ringi inanunuliwa.

Sasa mwili wa gari. Nitakaa hapa kidogo kwa kuwa ndipo nilipokosea zaidi, na mtu anayejenga gari la kulala leo anaweza kukwepa gharama zangu.

Tairi la akiba la HiAce linaning'inia chini kwa mnyororo, na mtu mwenye spana sahihi analishusha wakati wewe unakunywa chai. Niliongeza mnyororo wa pili wenye kufuli. Kifuniko cha tangi nilikibadilisha kikawa cha ufunguo kabla ya safari, na nilishukuru, kwa sababu miezi ile petroli Uganda ilikuwa imepita shilingi 6,000 kwa lita na dizeli ikiifuata nyuma, na wanyonya mafuta wenye mpira na dumu walikuwa na biashara nzuri kila malori yalipolala. Betri ya pili niliihamishia chini ya kitanda, ndani ya boksi lenye matundu. Mlango mkubwa wa kuburuta niliuwekea komeo kwa ndani, lile la kawaida la mlango wa choo, na halijawahi kunisaliti. Mlango wa nyuma una kufuli linaloonekana wazi kwa nje. Hilo niliweka makusudi. Kufuli zuri halizuii mtu mwenye nia na nondo, ila linamchelewesha na linampigisha kelele, na mwizi wa gari anachoogopa kuliko vyote ni dakika na kelele.

Rimoti ya kufungia milango pia usiiamini peke yake. Wako watu wenye kifaa cha kuzuia mawimbi yake. Unabonyeza, unadhani imefunga, unaondoka. Kila nikibonyeza navuta kitasa cha mlango kwa mkono, na mke wangu anavuta cha upande wake. Imekuwa kama bismillahi.

Gesi ndiyo iliyoniletea shida kubwa, na nitaifikia. Kwa sasa niseme hivi: kwa usalama wa moto, mtungi unatakiwa usiwe ndani unakolala. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inakaa chini sakafuni ikikusubiri uwashe kiberiti. Kwa hiyo nilijenga kikapu cha vyuma nyuma ya gari, kwa nje, nikaufunga mtungi kwa kamba ya mpira. Salama kwa moto. Kwa mwizi, nilikuwa nimeuandika "nichukue".

Tuliondoka Kampala tukapita Kayabwe, mahali pa ikweta, ambapo kila mgeni hushuka kupiga picha na kuacha milango wazi. Tulipiga picha kwa zamu, mmoja akibaki ndani. Lukaya tulinunua kuku wa kuchoma na gonja, yaani ndizi za kuchoma, kupitia dirishani, wauzaji katika makoti yao ya kazi wakisukumana kwa mishikaki. Watu huogopa umati ule. Mimi nimenunua chakula pale tangu nikiwa dereva kijana na sijapoteza hata sarafu. Wale ni watu walio kazini, na mtu aliye kazini mahali pamoja miaka yote hulinda jina la mahali pake.

Kisha mkanda wa feni ukakatika. Kufikia nimeubadilisha, jua lilikuwa linazama, na Uganda jua likizama saa moja limezama, hakuna jioni ndefu. Tulikusudia kufika Ziwa Nabugabo, ambako kuna viwanja vya kambi. Kwenye barabara ya murram gizani tukapotea njia. Tukasimama kando ya shamba la migomba, mbele ya nyumba yenye taa. Mke wangu akashuka kuomba ruhusa ya kulala hapo. Akafanya kama anavyofanya mtu yeyote wa kwetu pwani. Akasimama mbali kidogo na mlango, akaita kwa sauti ya heshima: "Hodi! Hodi wenyeji!"

Taa ikazimwa.

Akaita tena, akaeleza kwamba sisi ni wasafiri, wazee, gari limetusumbua. Tulisikia mtoto akianza kulia na kuzibwa mdomo. Halafu kimya. Mke wangu akarudi garini akitetemeka, si kwa kuwaogopa wao, bali kwa kuhisi kwamba wao walikuwa wanamwogopa yeye, mwanamke wa miaka 58 aliyevaa buibui. Robo saa baadaye zikaja tochi tano au sita kutoka upande wa migomba, na kwenye mwanga wa tochi niliona panga. "Ani oyo?" mtu akauliza. Ni nani huyo?

Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa kanzu na kofia, Hajji, ambaye ujana wake aliupitisha akipeleka kahawa Mombasa. Alitusogelea, akamulika namba ya gari ya Kenya, akamulika uso wa mke wangu, akacheka kwa faraja. "Shikamoo, mzee," nikamwambia. "Marahaba," akajibu, na wale vijana wakashusha mikono.

Tulilala uani kwake, kati ya jiko la nje na mkeka wa kahawa inayokaushwa. Asubuhi, juu ya matoke na chai, alitueleza, na sikuwa nimewahi kuelezwa hivyo na mtu katika miaka 22 ya kupita nchi hiyo. Kwa watu wa umri wake katika Buganda, Kiswahili usiku kilikuwa lugha ya bunduki. Rais Idi Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, lakini walikijua zaidi kama lugha ya askari waliogonga milango. Mwaka 1979 vita vilipofika Masaka, mji ukabomolewa, na majeshi yote mawili, la Amin na la Tanzania, yalizungumza Kiswahili. Miaka ya vurugu iliyofuata, jambazi aliyetaka watu walale chini aliwaamrisha kwa Kiswahili, hata kama alikuwa Mganda, ili adhaniwe askari. "Mkeo alipoita hodi," Hajji akasema, "mama wa nyumba ile hakusikia mgeni. Alisikia mwaka ule waliomchukua baba yake."

Redio yake iliyokuwa ikiunguruma pale pale ilikuwa imetoka kutangaza, wiki ile ile, kwamba Baraza la Mawaziri limekubali Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni. Hajji alifurahi. Mke wangu alikuwa kimya. Baada ya chai alikwenda mpaka ile nyumba, akapiga magoti kama wanavyosalimia wanawake wa huko, akasema maneno aliyofundishwa na mke wa Hajji: "Wasuze otya, nnyabo?" Wakakaa pamoja mpaka saa nne wakimenya maharage, bila lugha ya kuongea.

Tangu siku hiyo tuna kanuni moja ambayo hatuivunji: saa kumi alasiri gari limesimama. Hata kama mahali penyewe si pazuri kama tulivyotaka, hata kama mbele zimebaki kilomita 30 tu. Ukifika mchana, watu wanauona uso wako, wanaona mkeo akianika nguo, wanakuuliza unatoka wapi. Ukifika usiku wewe ni taa mbili na mngurumo. Na ukifika, usijifiche. Wageni wengi wenye magari ya kulala hutafuta kichaka ambacho hakuna atakayewaona, wakidhani asiyeonekana haibiwi. Mwizi wa eneo anavijua vichaka vyake kuliko wewe.

Jambo la kwanza kabla ya kuwasha jiko ni kumtafuta mwenyekiti wa LC1. Hiyo ni ngazi ya chini kabisa ya uongozi Uganda, ya kijiji au mtaa, na mwenyekiti karibu kila mtu anamjua nyumba yake. Unajitambulisha, unaonyesha kitambulisho, unasema utalala usiku mmoja au miwili. Wengine huandika majina kwenye daftari. Wengine wataomba kitu kidogo, na utaamua mwenyewe. Mimi hupeleka kilo ya sukari bila kuombwa. Kuanzia hapo wizi wa gari lako si habari ya mgeni tena, ni aibu ya kijiji, na mwenyekiti anawajua vijana wake wenye vidole virefu kwa majina na kwa majina ya bibi zao. Tumelala hivyo Lyantonde, tumelala hivyo karibu na Kabale juu ya Ziwa Bunyonyi, na mara nyingi sana niliamka usiku kukojoa nikamkuta mtu amekaa kwenye jiwe, amejifunika blanketi, ametumwa atuangalie.

Kwenye hifadhi mambo ni mengine. Ziwa Mburo na Queen Elizabeth kambi zina askari wa wanyamapori, na wezi wake wana mikia. Nyani wa Queen Elizabeth alifungua dirisha letu la kuburuta kwa mkono wake mwenyewe akachukua mkate na mfuko wa dawa. Dawa alizitupa mtini. Dirisha sasa lina wavu wa waya na kipini. Chakula usikiache juu ya kiti, na usiwarushie kitu hata kimoja. Nyani aliyelishwa na mgeni wa jana ndiye mwizi wako wa leo.

Hati na pesa nitazisema kwa kifupi. Kibali cha muda cha kuingiza gari, kadi ya njano ya bima ya COMESA, vitambulisho: nakala za vyote zinakaa mahali pengine kabisa na zile halisi, na picha zake ziko kwenye simu ya binti yetu Mombasa. Tunabeba pesa taslimu ya siku mbili, nyingine inakaa kwenye simu kwa laini ya Uganda. Pochi ya zamani yenye shilingi 30,000 na kadi ya benki iliyokwisha muda inakaa kwenye dashibodi, hiyo ni ya kutoa bila ubishi. Ukiibiwa kitu, nenda polisi hata kama huna tumaini la kukipata, uandikishwe na upewe namba ya SD, yaani kitabu cha matukio cha kituo. Bila namba hiyo bima haikusikilizi na kibali kilichopotea kinakuwa kesi mpakani. Namba za dharura ni 999 na 112.

Sasa mtungi.

Ilikuwa mji mdogo mbele ya Masaka, siwezi kuutaja. Tulilala kwenye sheli, kwa idhini ya meneja, chini ya taa, na askari wa usiku nilimpa shilingi 10,000 na chupa ya chai. Alfajiri nilitoka kwenda msikitini. Sikuwa nimepiga hatua hamsini nikasikia chuma kikigonga chuma. Nikageuka. Kijana alikuwa anavuka barabara na mtungi wetu begani, wala hakimbii, anatembea kama fundi aliyetumwa.

Nikapiga kelele: "Mwizi!"

Neno lile nimelisikia maisha yangu yote na nimelisema mara nyingi, na sikujua lina uzito gani mpaka nilipolitoa kwenye mji wa watu saa kumi na moja na nusu alfajiri. Milango ilifunguka. "Mubbi! Mubbi!" Vijana wa boda waliokuwa wamelala juu ya pikipiki zao waliamka wakiwa tayari wanakimbia. Mchoma chapati aliacha jiko. Kijana alitupa mtungi, akapiga hatua kumi, akaangushwa. Nilipofika tayari alikuwa amejikunja chini, mikono juu ya kichwa, na mtu alikuwa ametoka kuokota jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto. Nilimwona usoni. Hakuwa na zaidi ya miaka 16.

Sijui maneno yalitoka wapi. Nilisema: "Mwacheni, mtungi nimempa mimi. Nimemtuma akajaze gesi. Nilisahau, nikadhani mwizi." Nilimrudia askari wa sheli, naye akatafsiri kwa Kiganda huku akinitazama machoni, kwa maana alijua kwamba nasema uongo. Mwenye jiwe akauliza, saa hizi gesi inajazwa wapi? Nikasema, nilitaka awe wa kwanza kwenye foleni, tunaondoka mapema. Imamu akatoka msikitini, akaja akasimama juu ya yule kijana, kanzu yake ikimfunika nusu. Hakusema kitu. Jiwe likawekwa chini taratibu.

Tulimpeleka kliniki, akashonwa juu ya sikio, nikalipa. Hakunishukuru wala sikutaka shukrani. Alikuwa anatetemeka hivi kwamba kikombe cha chai hakikufika mdomoni. Nilimuuliza kwa Kiswahili jina lake, akageuzia uso ukutani. Mke wangu akaniambia nje, "Baba, mtungi ule tulinunua shilingi ngapi?" Sikuweza kumjibu.

Nimefikiri sana tangu wakati huo juu ya kitu ninachokilinda na njia ninayokilinda. Wizi ni uovu, nami sitaki kuibiwa tena, na ndiyo maana nimeandika haya yote. Lakini mgeni anayepiga kelele ya mwizi katika mji wa watu anakabidhi hukumu kwa watu asiowajua, kisha yeye anawasha gari na kuondoka. Sasa honi ndiyo kelele yangu. Niliunganisha swichi yake karibu na kitanda. Usiku nikisikia mkono kwenye gari nabonyeza, taa zote zinawaka, askari anaamka, mwizi anakimbia na miguu yake yote miwili. Mara mbili imetosha.

Mtungi hautembei tena nje. Fundi alinichomelea boksi la chuma ndani, karibu na mlango wa nyuma, lenye mlango wake na kufuli, limezibwa upande wa kitanda, na sakafuni mwake ametoboa matundu mawili makubwa yanayotoka chini ya gari, ili gesi ikivuja ishuke nje. Kabla ya kulala nafunga koki ya mtungi wenyewe, na asubuhi napaka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira nione kama panatoka mapovu.

Mwaka uliofuata tulipita mji ule tena tukienda Kabale. Tulifika saa tisa, tukaegesha kwenye sheli ile ile. Askari alikuwa mwingine. Mke wangu alikwenda kwa mchoma chapati kuuliza habari za yule kijana mwenye kovu juu ya sikio. Mama aliyekuwa akikanda unga alisema alikwenda Kampala baada ya Ramadhani, na kwamba bibi yake bado anakaa nyuma ya msikiti. Mke wangu alinunua chapati nne, akaongeza sukari na mchele kutoka kwenye droo yetu, akaenda huko nyuma ya msikiti peke yake. Mimi nilibaki nikilinda gari.